Afya ya uzeeni hujengwa leo

Umewahi kumwona mzee ambaye bado anakwenda shambani na jembe lake? Bila shaka umemwona. Je, umewahi kumwona mtu wa makamo aliyelala kitandani, upande mmoja wa mwili umepooza? Huyo pia umemwona. Kwa nini mmoja ana nguvu na mwingine hana? Yako magonjwa ambayo hatuwezi kuyazuia. Lakini mengi hutokana na mambo madogo tunayoyafanya kila siku.

Mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili nchini walikutana katika vikundi vya redio vya Mtu ni Afya. Walijifunza juu ya malaria, kuhara na kichocho. Wakachimba vyoo. Magonjwa hayo bado yapo. Siku hizi yameongezeka mengine: shinikizo la damu, yaani presha, na kisukari. Haya huja polepole.

Somo la wapagazi

Sisi wa Ntalikwa tunakaa katika nchi ya wapagazi. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani kwa miguu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30. Mwaka 1857 msafara wa Mwingereza Richard Burton ulitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Tabora. Wapagazi waliwezaje? Walianza safari alfajiri. Jua lilipokuwa kali walitua mizigo, wakapika, wakapumzika. Kesho yake waliendelea. Maisha nayo ni safari ndefu. Hufika mbali anayekwenda kwa kiasi.

Chakula

Ugali peke yake hautoshi. Kula pia kunde, karanga, maharage, njugu mawe au dagaa. Kula mboga za majani kila siku: mlenda, kisamvu, matembele. Kausha majani ya kunde kivulini, si juani, kwa sababu jua kali huharibu vitamini. Utakula mboga hata kiangazi. Maembe, mapapai na ukwaju tunavyo. Usiuze karanga zote na mayai yote, kisha ukanunua soda. Bakiza ya watoto wako.

Punguza chumvi. Kwa siku moja mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika dagaa wa chumvi. Nunua chumvi yenye madini joto. Usiongeze chumvi mezani. Punguza pia sukari katika chai, na mafuta katika mboga.

Kazi na mapumziko

Anayelima ana mazoezi ya kutosha. Yeye anahitaji maji ya kunywa, kivuli na usingizi. Lakini anayekaa dukani au juu ya pikipiki kutwa, na atembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Usiku lala ndani ya chandarua.

Tumbaku na pombe

Tumbaku inatupatia fedha. Hata hivyo, kuivuta kunaharibu mapafu, moyo na mishipa ya damu. Hata kuchuma majani yake kuna hatari. Majani yakiwa na umande au mvua, sumu yake hupenya kwenye ngozi. Mtu hupata kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Subiri majani yakauke. Vaa glavu na nguo za mikono mirefu. Ukimaliza, oga kwa sabuni. Watoto na wajawazito wasifanye kazi hiyo.

Pombe nayo ina madhara. Baada ya mauzo, wengine hunywa siku nyingi mfululizo. Fedha ya chakula na ya zahanati inakwisha, na ini linaumia. Asiyekunywa asianze. Anayekunywa apunguze.

Presha haibishi hodi

Mtu anaweza kuwa na presha miaka mingi bila kuumwa popote. Siku moja mshipa wa damu kichwani unaziba au unapasuka. Anapata kiharusi. Kwa hiyo usingoje kuumwa. Ukifika miaka 40, nenda zahanati upimwe kila mwaka. Kupima hakuumizi. Ukipewa dawa, usiache kuzitumia kwa sababu tu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa kuwa dawa zinafanya kazi.

Ndugu msomaji, usijaribu kubadili yote kwa siku moja. Wiki hii punguza chumvi. Wiki ijayo ongeza mboga. Mwezi ujao nenda ukapime presha, na mwenzako mwende pamoja.

Maswali ya kujadili

1. Jana nyumbani kwenu mlikula nini? Kilikosekana nini?
2. Kwa nini tusingoje kuumwa ndipo tupime presha?
3. Wewe utaanza na badiliko gani wiki hii?