Kutambua Kizingiti cha Miseli kwa Njia ya Umeme

Molekuli ya sabuni ina tabia mbili zisizopatana: kichwa chake hupenda maji, mkia wake huyakimbia. Maadamu molekuli ni chache, kila moja hukaa peke yake. Ukolezi upitapo kizingiti fulani, hujikusanya mafungu, mikia ndani, vichwa nje. Fungu hilo ndilo miseli, neno litokalo katika Kilatini *mica*, yaani chembe. Kitonge lingeeleza umbo lake vizuri zaidi, lakini miseli ndilo lielewekalo kwa wanakemia wa lugha nyingi. Ni ndani ya miseli ambamo mafuta hupata makao majini. Kwa hiyo anayetaka kuyeyusha mafuta hana budi kukijua kizingiti hicho.

Tuchukue sodiamu dodesili salfeti, iliyomo katika sabuni nyingi za maji. Myeyusho wake mkali hutiwa kidogo kidogo, kwa biureti, katika maji yaliyokenekwa, na kila mara upitishaji wa umeme husomwa. Katika grafu, mstari hupanda wima kiasi, kisha huvunjika na kupanda kwa ulegevu. Mahali pa mvunjiko ndipo kizingiti: kwa nyuzi 25 za Selsiasi ni milimoli 8 hivi kwa lita.

Kwa nini mstari unalegea? Wengi hujibu kwamba miseli ni kubwa na nzito. Jibu hilo halitoshi. Ayoni 60 hivi zilizoshikamana hukwamizwa na maji kidogo kuliko zikienda mbalimbali. Kwa sababu hiyo peke yake umeme ungepita vizuri zaidi. Sababu yenyewe ni sodiamu: miseli, kwa wingi wa chaji yake, huzivuta ayoni za sodiamu na kuzifunga ubavuni, nazo haziuchukui umeme tena kama zilizo huru. Uwiano wa miinamo miwili ya grafu hukadiria sehemu iliyobaki huru, nayo ni baina ya theluthi moja na mbili ya tano.

James William McBain, aliyeleta wazo la miseli za sabuni mwaka 1913, aliuzingatia umeme huohuo: myeyusho uliupitisha kupita ilivyotazamiwa kwa uchache wa chembe zake.

Joto lisipodhibitiwa kipimo hupotosha, kwani upitishaji huongezeka kwa asilimia 2 hivi kila nyuzi moja. Chumvi iliyosalia katika chombo nayo hushusha kizingiti. Na kwa sabuni zisizo na chaji, njia hii haifai kabisa. Hizo hupimwa kwa mkazo wa uso wa maji.