Kushuka ni Breki, Kupanda ni Mnyororo: Gharama za Pikipiki Kutoka Masereka hadi Kasindi

Mtu wa Masereka akiondoka kwa pikipiki kwenda mbali, safari yake huanza kwa mteremko. Kijiji kiko juu ya mita 2,000 katika milima ya Lubero, baridi ya kutosha viazi na liki kustawi. Butembo iko chini yake, kwenye mita 1,700 na ushee. Beni iko chini zaidi, mita 1,150 hivi, na Kasindi, mpakani na Uganda, ni mita 1,000 hivi tu. Anayekwenda Kasindi anashuka kimo cha zaidi ya kilomita moja, na akirudi na mzigo anakipanda chote. Hakuna kitabu cha pikipiki kilichoandikwa kwa ajili ya barabara ya namna hiyo. Ndiyo maana fedha za matengenezo lazima zipangwe kwa kuitazama barabara yenyewe.

Ninachokiona kila siku ni kinyume chake. Kijana ana safari kesho. Leo anabadili mafuta ya injini, anaweka bujii mpya, anaosha pikipiki hadi inang'aa, pengine ananunua na kioo. Ukimwuliza breki, anakanyaga pedali mara moja pale pale iliposimama na kusema, "Bado zinashika." Pikipiki iliyosimama breki zake hushika siku zote. Ulizia breki hizo Kabasha, kwenye mteremko wa kuelekea Beni, ukiwa na abiria nyuma na gunia juu ya kerya.

Mimi nilijifunza hapo. Nilikuwa nimefunga viatu vya breki vya bei ya chini kabisa, vya pakiti isiyo na jina, nikafurahi kwamba nimeokoa faranga. Katikati ya mteremko nikasikia harufu ya kuungua, pedali ikawa laini mguuni, na pikipiki haikupungua mwendo. Nilirudisha gia ya pili, kisha ya kwanza, injini ikalia, nikaiegesha kwenye ukingo wa udongo. Tulipofungua gurudumu, kitambaa cha breki kilikuwa kimebanduka kutoka kwenye kiatu chake kama soli ya kandambili. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo breki ndiyo mstari wa kwanza katika hesabu yangu.

Kuhusu bei, kwetu hulipwa kwa dola, kwa faranga na, ukikaribia Kasindi, hata kwa shilingi za Uganda. Bei za leo si za wiki ijayo: mvua ikikata barabara, zinapanda. Kwa hiyo nitapima kwa kipimo ambacho kila mwenye pikipiki anacho kichwani, yaani lita ya esansi. Wewe weka bei ya siku yako.

Tuanze na safari yenyewe. Butembo hadi Beni ni kilomita 54, Beni hadi Kasindi ni 80. Ndizo namba zilizo katika mradi wa barabara wa kilomita 223 ambao marais Tshisekedi na Museveni waliuzindua Juni 2021. Kwenda na kurudi kutoka Butembo ni kilomita 268. Ongeza kipande cha Masereka, na jumla yote haifiki 400.

Pikipiki ya Kihindi ya cc 100 au 125, kama Boxer au TVS, ikibeba watu wawili milimani, mimi huihesabia kilomita 45 kwa lita. Kilomita 268 ni lita 6. Yamaha DT125, ile ndefu ya injini ya mipigo miwili ambayo wengi wameizoea chini ya mapadri na wauguzi, naihesabia kilomita 27 kwa lita, yaani lita 10, pamoja na robo hadi theluthi ya lita ya mafuta yake ya kuchanganya. Tofauti ni lita 4 kwa safari moja. Anayekwenda Kasindi mara moja kwa mwezi analipa lita 48 zaidi kwa mwaka, na bado hajahesabu mafuta ya kuchanganya.

Lakini DT haishindwi kwa esansi peke yake. Inashindwa na matairi. Gurudumu lake la mbele ni inchi 21, la nyuma 18. Boxer na TVS nyingi ni 17 mbele na 17 nyuma, na mpira wa ndani wa 17 utaupata kwa karibu kila fundi wa pembeni mwa barabara, Maboya, Bulongo, popote. Ukitoboka na DT mahali pasipo na duka kubwa, utalipa si bei ya mpira bali bei ya mtu wa kuufuata Butembo. Matope ya masika yakiwa mazito, DT inapita pale Boxer inapolala, hilo ni kweli na nalikubali. Kwa mtu anayekwenda mashambani juu ya Masereka kila siku, inafaa. Kwa safari ya Kasindi, hapana. Za Kichina ziko kati: zinanunuliwa kwa bei nafuu, na kwa kazi ya karibu na nyumbani zinatosha, ila kabla ya kununua nenda dukani uulize bei ya kabureta, sahani za klachi na seti ya mnyororo wa chapa hiyo hiyo. Muuzaji asipokuwa navyo rafuni, umepata jibu.

Esansi nayo ina maduka yake. Kuna kituo chenye pampu, na kuna kadafi mwenye chupa na madumu. Esansi yetu huletwa kwa malori kupitia Uganda, kwa hiyo kadiri unavyoikaribia Kasindi ndivyo inavyotakiwa kuwa nafuu, na kadiri unavyopanda kuelekea Masereka ndivyo kila dumu linavyobeba gharama ya aliyelipandisha. Usijaze tangi Masereka. Weka ya kukufikisha Butembo, ujaze huko kituoni, na ya kurudia ujaze Kasindi au Beni. Kadafi ana kazi yake pale kituo kilipofungwa au kisipokuwepo. Ukinunua kwake, inua chupa juani uitazame chini. Maji hukaa chini na kuonyesha mstari. Pitisha kwenye kitambaa safi. Kusafisha kabureta iliyoingia maji njiani kunakula saa nzima ya mchana, na huko mchana una thamani kuliko esansi, kama nitakavyoeleza.

Mafuta ya injini nitayapitia haraka, kwa kuwa hapa watu hawakosei kwa kusahau, wanakosea kwa kuchagua. Injini hizi huchukua karibu lita moja. Kama uliyabadili ndani ya kilomita 600 zilizopita, safari hii haitayafikisha mbali kupita 1,000, basi acha, fedha hiyo ipeleke kwingine. Kama ni ya zamani zaidi, badili. Nunua kopo lililofungwa, la 20W-50, lenye alama ya JASO MA. Alama hiyo ina maana kwamba mafuta yanafaa klachi inayoogelea ndani yake, nayo klachi ya pikipiki hizi, ambayo mekanisiye wetu huiita ambreyaji, inaogelea. Mafuta ya gari yaliyotengenezwa kuwa mepesi yanaweza kuifanya iteleze, na kuteleza kwake utakujua wakati wa kupanda kurudi. Ya kupimwa kutoka kwenye pipa hayana alama wala historia. Hata yakiwa nusu ya bei, ukiyabadili mara mbili umekwisha kulipa bei ya kopo.

Sasa breki, na hapa nitakaa. Boxer na TVS nyingi zilizoko kwetu zina breki za ndani ya gurudumu: viatu viwili vilivyovikwa kitambaa kigumu hutanuka na kubana ngoma kwa ndani. Uzuri wake ni kwamba zinavumilia matope na ni rahisi kufunga. Ubaya ni joto. Kwenye mteremko mrefu, ukizishika mfululizo, ngoma inapata moto, kitambaa kinapoteza ukali, na breki zinalegea wakati ule ule unapozihitaji. Dawa ya kwanza haina gharama: shuka kwa gia ya pili au ya tatu, injini ikushike, breki uzipige kidogo na kuziachia. Anayezima injini na kuteremka bure ili aokoe esansi anaokoa vijiko viwili na kuchoma viatu.

Dawa ya pili ni kukagua, nayo pia haina gharama. Tazama mkono mdogo wa chuma ulio nje ya gurudumu, unaovutwa na fimbo au waya wa breki. Mwombe mtu akanyage pedali hadi mwisho. Kama mkono huo na fimbo vinafanya pembe inayopita nyuzi 90, viatu vimekwisha, hata kama breki "zinashika". Kukaza nati ya marekebisho hapo ni kujidanganya. Unapata wiki moja ya pedali ngumu, basi.

Dawa ya tatu ndiyo ya dukani. Kuna viatu vya chapa ya pikipiki yenyewe, kuna nakala zenye jina, kuna nakala zisizo na jina, na kuna vya zamani vilivyobandikwa kitambaa upya. Vya mwisho navikataa kabisa kwa barabara hii: gundi na joto la Kabasha havipatani. Nakala zisizo na jina, umeshasikia yaliyonipata. Kati ya chapa halisi na nakala yenye jina, linganisha hivi: piga kucha ukingoni mwa kitambaa uone kama kimeshika chuma bila mwanya, pima kama unene wake ni sawa pande zote, na umwombe muuzaji aeleze atafanya nini kikibanduka. Nakala inayopita mitihani hiyo nainunua bila wasiwasi kwa nyuma. Kwa mbele, ambako uzito mwingi unahamia ukiteremka, nalipa chapa halisi. Viatu vyenyewe ni kati ya vipuri vya bei ndogo kabisa katika pikipiki nzima.

Mnyororo, au sheni, ni shida ya kurudi. Uvute nyuma ya kurona, ile gia kubwa ya gurudumu: ukiinuka hadi ukaona nusu ya jino, umekwisha. Meno yakiwa yamepinda kama ndoana, nayo yamekwisha. Ukiwa na fedha ya mnyororo peke yake, usiununue. Mnyororo mpya juu ya meno ya zamani utachakaa upesi, na ukinunua minyororo miwili katika muda ambao seti nzima ingeishi, umelipa zaidi na bado una meno mabovu. Ambao bado ni mzima, usafishe, utie mafuta, uache ucheze sentimita 2 hadi 3. Usiukaze kama uzi wa gitaa. Mkikaa watu wawili utakazika zaidi na kuua beringi.

Wapo mafundi watakaokushauri upunguze jino moja kwenye pinyo, ile gia ndogo ya mbele, kutoka 14 hadi 13. Nguvu ya kupanda huongezeka kwa karibu asilimia 8, kwa bei ya kipuri kidogo. Kwa anayepakia viazi kila wiki, ni ushauri mzuri. Kwa safari moja, hapana, maana kutoka Beni hadi Kasindi injini italia bure.

Kabureta: usikubali fundi wa juu aibane ili "ile kidogo". Hewa ya Masereka ni nyembamba, injini huko huonekana kula esansi nyingi na bujii huwa nyeusi. Ikibanwa kwa hewa hiyo, ukifika bonde la Semuliki, njiani kwenda Kasindi, inakuwa na esansi pungufu na injini inachemka. Fanya marekebisho Butembo, iliyo katikati. Matairi: bari 1.75 mbele, 2.25 nyuma ukiwa na abiria. Beba mpira mmoja wa ndani, pompa na vyuma viwili vya kufungulia.

Je, si bora kupanda gari? Swali halali. Esansi ni nusu tu ya gharama. Kwa lita 6 zinazoungua, mimi huweka nyingine 6 za matairi, mnyororo, breki na mafuta. Uliza nauli ya gari, Butembo hadi Kasindi, kwenda na kurudi, uigawe kwa bei ya lita. Ikiwa chini ya lita 12 na uko peke yako bila mzigo, panda gari. Mkiwa wawili, pikipiki hushinda mara nyingi. Malipo ya barieri za njiani yahesabu kando, nawe ubebe karti roze ya pikipiki, asiransi na permi ya kuendesha, kwa sababu karatasi moja inayokosekana hula faida yote.

Iko gharama isiyopimwa kwa lita. Barabara ya Goma, iliyokuwa safari ndefu ya kila motari wa Butembo, ilivurugwa na vita, mji wa Kanyabayonga ukachukuliwa na waasi Juni 2024, na baada ya Goma kuanguka Januari 2025 ofisi za jimbo zilihamia Beni. Kwa hiyo wengi zaidi wanakwenda upande huu. Lakini upande huu pia waasi wa ADF wameua raia tangu 2014. Uliza habari za njia asubuhi ile ile, ondoka na wenzako, na uwe umefika kabla jua halijageuka. Pikipiki iliyokaguliwa vizuri thamani yake kubwa ni kwamba haitakulaza porini.

Fedha ikitosha kitu kimoja tu, nunua viatu vya breki, mbele na nyuma, uvifunge Masereka kabla ya kushuka. Mnyororo unaweza kusubiri hadi Beni, siku ya kurudi.