Tazama Kifuniko Kabla ya Rangi

Rangi ndiyo humpoteza anayeanza kuitambua mimea ya mtungi ya Amerika Kaskazini, ile ya jenasi Sarracenia. Mmea ulioota juani hujaa mishipa myekundu, na mwenzake wa spishi ileile aliyeota kivulini, hatua chache tu kutoka hapo, akabaki kijani kitupu. Anza na kifuniko.

Mtungi huo ni jani lililokua likawa bomba. Kinamasi chenye tindikali kina uhaba wa naitrojeni, hivyo mmea huitafuta kwa wadudu: huwavuta kwa utamu ulio mdomoni, wakateleza ndani, na vinyweleo vinavyoelekea chini vikawazuia kupanda tena. Katika spishi nyingi kifuniko huzuia mvua isijaze bomba, na umbo lake ndilo linalotofautiana zaidi.

Sarracenia purpurea haina shida. Mitungi yake ni mifupi, minene, imeegemea ardhini, na kifuniko kimesimama wima bila kufunika chochote. Mvua huingia itakavyo, na katika maji hayo huishi viluwiluwi vya mbu aitwaye Wyeomyia smithii wasidhurike. Kati ya spishi zote za jenasi hii, hii pekee ndiyo inayoota Kanada kwa asili.

Sarracenia minor imeinamisha kifuniko juu ya mdomo, na mgongoni ina madoa meupe yanayopitisha mwanga. Nzi aliyenaswa hudhani ndipo pa kutokea, akajigonga hapo mpaka akachoka na kuanguka. Sarracenia psittacina nayo hulaza mitungi chini kabisa, kila mmoja ukiwa na kichwa cha mviringo chenye tundu dogo. Ni dema hasa: kuingia ni rahisi, njia ya kutoka haionekani. Hata mafuriko yakiifunika huendelea kunasa viumbe wadogo wa majini.

Kazi ngumu iko kwa zile ndefu. Sarracenia leucophylla hujitaja yenyewe kwa weupe wa sehemu ya juu, na hapa nakubali kwamba rangi inasaidia. Ua lake pia ni jekundu. Lakini S. flava, S. alata na S. oreophila zote zina maua ya njano na mabomba yanayofanana. Kwa hizo, chunguza shingo ya kifuniko na majani ya shinani. S. flava ina shingo nyembamba, kingo zake zimekunjwa nyuma, na mara nyingi ina doa jekundu hapo. Majani yake bapa yasiyo na mtungi yamenyooka. Ya S. oreophila ni mafupi na yamepinda, nayo hubaki wakati mitungi inanyauka katikati ya kiangazi. Mahali nako kunaamua: Texas kuna S. alata peke yake.

Tena spishi hizi huzaana zenyewe kwa zenyewe, na machotara yao huzaa. Ukikuta mmea wenye kimo cha kati na kifuniko kilichosimama nusu, mahali ambapo S. flava na S. purpurea zinaota pamoja, usiulazimishe jina la mzazi mmoja.

Msomaji wa Afrika Mashariki asitafute mitungi hii kwenye vinamasi vya kwetu, haimo. Miongoni mwa iliyo karibu nasi ni Nepenthes pervillei ya Ushelisheli, ya familia nyingine kabisa: mtungi wake hukua kwenye ncha ya jani, hauchomozi kutoka shinani.

Ukibahatika kuiona Sarracenia porini, piga picha nne: mdomo, shingo ya kifuniko, ua na shina, kisha andika mahali ulipo. Usiing'oe wala kuchuma mtungi. S. oreophila imeorodheshwa na serikali ya Marekani miongoni mwa mimea iliyo hatarini kutoweka tangu 1979, na imebaki katika sehemu chache za Alabama, Georgia na North Carolina.