Gharama na Faida za Kupambana na Ugaidi: Mtazamo kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe

Utangulizi

Mombasa hujulikana kwa kisiwa chake, lakini wakazi wake walio wengi hawaishi kisiwani. Wanaishi ng'ambo: Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini na Changamwe upande wa magharibi. Kila alfajiri watu wa sehemu hizi huvuka kwa feri, hupita daraja la Nyali au hufuata njia ya Makupa kwenda kutafuta riziki. Kwa hivyo, lolote linalovuruga usalama wa mji huwagusa wao mapema, na lolote linalofanywa kuurejesha usalama huo huwagusa pia.

Makala hii inakusudia kueleza namna gharama za kiuchumi za kupambana na ugaidi zinavyoweza kupimwa dhidi ya faida za usalama. Hoja yake kuu ni kwamba hesabu hiyo haikamiliki kwa kulinganisha fedha zilizotumika na mashambulizi yaliyozuiwa. Ni lazima pia iulizwe: nani anayelipa, na nani anayefaidi?

Namna ya kupima

Neno gaidi si geni katika Kiswahili. Kabla ya miaka ya 1990 lilimtaja zaidi mnyang'anyi atumiaye nguvu. Baada ya Agosti 7, 1998, balozi za Marekani zilipolipuliwa Nairobi na Dar es Salaam na watu 224 kuuawa, neno hilo lilichukua maana pana ya kisiasa, na hatimaye ya kisheria. Mswada wa kwanza wa Kenya wa kukabiliana na ugaidi, wa mwaka 2003, ulipingwa vikali na mawakili na viongozi wa Kiislamu, ukaondolewa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilipatikana mwaka 2012.

Wataalamu wa uchumi hupima hatua ya usalama kwa maswali matatu. Kwanza, shambulizi likitokea, hasara yake ni kiasi gani? Pili, uwezekano wa kutokea kwake ni mkubwa kiasi gani? Tatu, hatua inayopendekezwa inaupunguza uwezekano huo kwa kiwango gani? Majibu hayo matatu yakizidishwa pamoja, hupatikana faida, nayo hulinganishwa na gharama. Kwa njia hii John Mueller na Mark Stewart walichunguza matumizi ya Marekani baada ya mwaka 2001, wakafikia uamuzi kwamba sehemu kubwa ya nyongeza ya matumizi hayo haikuweza kuhalalishwa kwa faida yake.

Ugumu uko wazi. Gharama huonekana, ilhali faida ni jambo ambalo halikutokea. Mlinzi aliyekesha usiku mzima bila mwizi kuja hawezi kuthibitisha kwamba ni yeye aliyemzuia.

Hasara ya ugaidi wenyewe

Asubuhi ya Novemba 28, 2002, makombora mawili yalirushwa kuelekea ndege ya Israeli iliyokuwa ikipaa kutoka Uwanja wa Ndege wa Moi, ulioko upande wa Changamwe. Ndege hiyo ilikuwa na abiria zaidi ya 250. Makombora yaliikosa. Wakati huohuo hoteli ya Paradise, Kikambala, ililipuliwa. Ukiwaacha washambuliaji, watu 13 waliuawa: Wakenya 10 na Waisraeli 3. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni. Mei 2003 shirika la ndege la British Airways lilisimamisha safari zake za Kenya kwa wiki kadhaa kwa kuhofia shambulizi jingine.

Machi 23, 2014, watu wenye bunduki waliwashambulia waumini kanisani Likoni na kuua watu sita. Mwezi Mei mwaka huo Uingereza iliwaonya raia wake wasizuru kisiwa cha Mombasa wala ukanda wa pwani wa kilomita tano kutoka kijito cha Mtwapa hadi Tiwi, isipokuwa kwa dharura. Kampuni za utalii ziliwahamisha mamia ya wageni kabla ya likizo zao kuisha, zikafuta safari za ndege za Mombasa hadi mwisho wa Oktoba. Ikumbukwe kwamba onyo hilo liliiacha nje Diani pamoja na uwanja wa ndege, lakini likazijumuisha pwani za Likoni na Kisauni. Mgeni aliyetaka kwenda Diani kutoka uwanjani alipaswa kupitia kivuko cha Likoni, yaani katikati ya eneo lilelile aliloonywa asilizuru.

Takwimu za taifa zinaonyesha athari ya kipindi hicho. Wageni waliofika Kenya walipungua kutoka milioni 1.52 mwaka 2013 hadi milioni 1.35 mwaka 2014, kisha milioni 1.18 mwaka 2015. Mapato ya utalii yalishuka kutoka shilingi bilioni 94.0 hadi bilioni 87.1, kisha bilioni 84.6. Katika maisha ya mtaani, takwimu hizi zina sura ya watu: mpishi wa Kisauni anayefanya kazi katika hoteli za Bamburi na Shanzu, mchuuzi wa Likoni anayeuza leso ufuoni, na mchongaji wa vinyago katika chama cha ushirika cha Wakamba huko Changamwe. Hawa hawana bima ya kufidia msimu uliopotea.

Hofu hii haikuanza na makundi ya kimataifa. Agosti 1997 wavamizi walikiteketeza kituo cha polisi cha Likoni, na ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya mia moja na kuwafukuza maelfu makwao. Utalii wa pwani uliporomoka. Hivyo basi, mkazi wa Likoni anajua kwa uzoefu kwamba ukosefu wa usalama una bei, na hoja kwamba serikali isifanye lolote haiwezi kumridhisha.

Gharama ya kupambana

Gharama za kupambana na ugaidi ni za aina tatu. Ya kwanza ni ya bajeti: mishahara ya askari, magari, mitambo ya ukaguzi, na operesheni za nje kama ile ya majeshi ya Kenya kuingia Somalia Oktoba 2011. Hii huandikwa vitabuni, na hulipwa na walipa kodi wote.

Aina ya pili ni ya muda, nayo haiandikwi popote. Kivuko cha Likoni hutajwa kuwa hubeba watu wapatao laki tatu kwa siku. Tuchukulie, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba ukaguzi unamchelewesha kila mvukaji dakika mbili. Hizo ni dakika laki sita, yaani saa elfu kumi kila siku, sawa na siku za kazi 1,250 za saa nane nane. Hata hivyo, upande wa pili wa mizani ni mzito pia. Ajali ya feri ya Mtongwe ya Aprili 1994, ambayo haikuwa ugaidi, iliua watu 272. Ajali hiyo yaonyesha idadi ya roho ziwezazo kupotea katika chombo kimoja. Kwa kuzingatia hasara ya namna hiyo, dakika mbili si bei ghali, mradi ukaguzi uwe wa kweli na usiwe wa mazoea tu.

Aina ya tatu ni ya imani baina ya raia na vyombo vya dola. Hii ndiyo ghali zaidi. Agosti 27, 2012, Sheikh Aboud Rogo, aliyekuwa akikabiliwa na mashtaka mahakamani, aliuawa kwa risasi katika barabara ya Malindi na watu ambao hawajatambulika. Ghasia zilizuka: makanisa yalishambuliwa, askari wakauawa kwa guruneti, na maduka yakafungwa. Novemba 2014 polisi walivamia misikiti ya Musa na Sakina kisiwani, kisha Swafaa na Minaa huko Kisauni, wakakamata mamia ya watu. Baada ya uvamizi wa kwanza, vijana wenye visu waliwashambulia na kuwaua wapita njia Kisauni. Wapita njia hao hawakuwamo katika hesabu ya yeyote aliyepanga operesheni hiyo.

Mwaka 2016 shirika la Haki Africa lilichapisha ripoti iliyoorodhesha visa 81 vya mauaji na kutoweka kwa watu katika Pwani tangu mwaka 2012. Shirika hilo hilo, pamoja na MUHURI, lilikuwa limefungiwa akaunti zake za benki Aprili 2015, hadi Mahakama Kuu ya Mombasa ilipoamuru zifunguliwe mwezi Novemba. Familia ambayo mtoto wake ametoweka humpoteza mpendwa na mtafutaji riziki kwa pamoja, na wala haina kaburi la kuzuru wala kesi ya kufuatilia.

Nani hulipa, nani hufaidi

Faida za usalama wa Mombasa husambaa mbali. Bandari na matangi ya mafuta ya Changamwe huhudumia Nairobi, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Kila siku inayopita bila mlipuko huwanufaisha mamilioni ya watu ambao hawajawahi kuikanyaga Kisauni. Gharama, kwa upande mwingine, hukusanyika mahali pamoja. Kijana wa Likoni hukaguliwa, hushukiwa, hukamatwa katika msako, hukosa kibarua cha siku hiyo, na ndugu zake huchanga dhamana.

Tofauti hii ina athari kwa usalama wenyewe. Habari za mipango ya mashambulizi hutoka aghalabu kwa mzazi aliyeona mwanawe amebadilika, kwa mwenye nyumba aliyemshuku mpangaji, au kwa imamu aliyesikia maneno asiyoyapenda. Watu hao wakiamini kwamba aliyetajwa atafikishwa mahakamani, watasema. Wakihofia kwamba atatoweka, watanyamaza. Kwa hiyo, operesheni inayovunja imani huongeza gharama, na papo hapo hupunguza faida iliyokusudiwa.

Ndiyo maana hatua zenye sura ya ushirikiano zinastahili kupewa uzito: msamaha uliotangazwa Aprili 2015 kwa vijana waliotaka kurejea kutoka Somalia, na mpango wa Kaunti ya Mombasa wa kuzuia itikadi kali wa mwaka 2017. Fedha za hatua hizi ni chache zikilinganishwa na za misako. Hata hivyo, kijana anayejitokeza hadharani naye huhitaji kulindwa dhidi ya wenzake wa zamani na pia dhidi ya askari asiyeamini toba yake. Msamaha usio na ulinzi huo ni mtego.

Hitimisho

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na matukio ya 2002 na 2014 yanathibitisha kwamba ukuta wa baada ya shambulizi ni ghali mno. Lakini wahenga walisema pia kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza, na msemo huu ndio unaoongoza msako wa mtaa mzima. Wa kwanza unafaa kuwa msingi wa sera ya usalama. Wa pili haufai. Ukaguzi wa kivukoni, ulinzi wa bandari na upelelezi unaoishia mahakamani vinaweza kutetewa kwa hesabu. Mauaji, kutoweka kwa watu na kamatakamata haviwezi, kwa kuwa hugharimu imani ambayo bila yake hakuna anayetoa habari. Mtu yeyote anayepima vita hivi hana budi kuanza hesabu yake kwa mkazi wa Kisauni, ambaye amelipa mara mbili: kwa shambulizi, na kwa jibu la shambulizi.