Sauti ya Binti Inapogeuka

Mara nyingine mwalimu wa kwaya hutambua jambo ambalo mama nyumbani hakulitambua, kwa kuwa yeye humsikia binti yake kila siku. Msichana wa miaka 14, aliyeimba sauti ya kwanza tangu Komunyo yake, aanza kuimba kama kaka yake. Ndevu chache zaota kidevuni. Siku zake za mwezi zakoma. Hapo maneno huanza: huyu asema ana mimba, yule asema amerogwa. Na sisi walimu, tukiri, tumekuwa wepesi mno kumwita mkaidi kwa kuwa ananyamaza.

Liko gonjwa, adimu lakini la kweli, lenye kufanya hivyo. Kila mwanamke ana ovari mbili, viungo vidogo vinavyotunza mayai ya uzazi. Navyo hutoa homoni, yaani vitu viingiavyo damuni na kuuagiza mwili ukue kike. Mara chache uvimbe huota katika ovari, ukatoa homoni zake pasipo kipimo. Namna moja, iliyopewa majina ya Sertoli na Leydig, wataalamu wa karne ya 19, huweza kutoa homoni za kiume. Ndiyo igeuzayo sauti. Namna nyingine, ya granulosa, hutoa zaidi homoni za kike: mtoto wa miaka 6 aota matiti na kutoka damu, na mama yake ashikwa na hofu kwamba ameharibiwa na mtu. (Hofu hiyo isidharauliwe, mganga aichunguze pia.)

Si kila ndevu ni uvimbe. Mara nyingi sababu ni nyingine. Mganga hupima homoni katika damu na kutazama tumbo kwa ekografia. Uvimbe ukionekana, binti hupasuliwa. Hapo wazazi hurudi nyuma: “Mtamfanya tasa!” Sivyo. Mara nyingi uvimbe umo katika ovari moja tu. Hiyo huondolewa, ya pili huachwa, naye aweza kuzaa baadaye. Wengine, hasa waliochelewa, huhitaji pia dawa za kansa. Na hata ikibidi kuondoa zote mbili, Papa Paulo VI alieleza katika Humanae Vitae, mwaka 1968, kwamba Kanisa halikatazi tiba iliyo ya lazima kwa ugonjwa, ijapokuwa uzazi wazuiliwa, mradi kizuizi hicho sicho kinachotafutwa.

Baada ya kupasuliwa, siku za mwezi kwa kawaida hurudi. Ndevu hupungua polepole. Sauti mara nyingi hairudi yote ilivyokuwa. Basi mwalimu wa kwaya amhamishe kwenye sauti ya pili, wala asimtoe.