Betri Mpya Haiponyi Kila Mashine

Juzi nilikaa na vijana wanaokata nyasi kwenye viwanja vya shule kwa ile mashine ya kukalia, waliyoinunua ikiwa imetumika. Asubuhi ilikuwa haiwaki. Walikuwa wamenunua betri ya pili kwa mwaka mmoja, na mweka hazina ameanza kutazamwa vibaya. Pesa ilikuwa imeliwa kweli, lakini si na mtu. Ililiwa na kutu iliyokuwa chini ya bolti mbili.

Kwanza tuelewane jinsi betri inavyochajiwa. Juu ya injini kuna gurudumu zito ambalo mafundi huliita flaiwili. Lina sumaku, na chini yake kuna koili za waya wa shaba. Sumaku zikizunguka, koili zinatoa umeme wa AC, ambao betri haiupokei. Kwa hivyo umeme huo unapitia reguleta, kile kidude cha aluminiamu chenye mapezi, kinachougeuza kuwa DC na kuuzuia usizidi. (Mashine nyingine ndogo hazina reguleta, zina diodi tu ndani ya waya.) Njia hiyo ikikatika popote, betri inakuwa kama mtungi unaochotwa kila siku na hakuna anayekwenda mtoni.

Tafuteni mita ya kupima umeme, hata ile ya bei ndogo. Iwekeni kwenye volti za DC. Injini ikiwa imelala usiku kucha, betri iliyojaa huonyesha karibu 12.6. Ikiwa 12 au chini, pelekeni ichajiwe kwanza, la sivyo itawadanganya katika vipimo vyote. Sugueni vichwa vyake kwa msasa na mkaze nati. Kama ina vifuniko, ongezeni maji ya betri, si ya bomba. Asidi inaunguza macho, na gesi ya betri hulipuka, basi anayevuta sigara akae mbali.

Sasa washeni injini, mmoja akae kitini kwa sababu mashine nyingi huzimika dereva akiinuka. Kisu kisizunguke. Ongezeni mafuta hadi kasi ya juu, kisha mpime betri tena. Mkiona kati ya 13.5 na 14.5, inachaji vizuri, na lawama ni ya betri yenyewe au kuna kitu kinachoinyonya usiku. Ikibaki 12 na kushuka, haichaji. Ikipita 15, reguleta haizuii tena na betri itachemka.

Isipochaji, angalieni fyuzi. Nimeona watu wakifungua injini nzima kwa ajili ya fyuzi! Halafu zimeni, mchomoe zile waya mbili za AC zinazoingia kwenye reguleta, mwashe tena na kupima kati yake, mita ikiwa kwenye AC. Injini nyingi zenye reguleta hutoa volti 28 au zaidi kwa kasi ya juu. Mkipata sifuri, koili zimekatika, na hiyo ni kazi ya fundi kwani flaiwili lazima itoke.

Vijana wetu walipata 30. Fundi akasema tununue reguleta. Nikamwambia angoje kidogo. Reguleta nyingi hupata ethi kupitia mwili wake, kwenye bolti zinazoishika. Tulizifungua, tukakwangua kutu na rangi mpaka chuma kikang'aa, tukakaza. Mita ikasoma 14.1. Betri ya kwanza, ambayo huenda ilikuwa nzima, walikuwa wameshaiuza kwa mnunua vyuma.

Msichomoe betri injini ikizunguka, reguleta itaungua. Mkiitoa, anzeni na waya wa hasi. Mkiirudisha, hasi iwe ya mwisho. Na mkichomelea fremu, betri iwe imetolewa waya. Vipimo mwandike kwenye daftari la kikundi pamoja na tarehe, ukurasa ule ule mnaoandika pesa za petroli.