KABLA YA KUONGEZA BANDO, TAZAMENI RUTA

Ndugu wafanyakazi,

Wengi wetu tulio katika mashamba ya miwa na viwanda vya Kakira na Lugazi tumewaacha jamaa zetu Arua na Koboko. Kutokana na mshahara tunatuma fedha za chakula, karo, na siku hizi intaneti. Tangu Julai 2021 intaneti nchini Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo bando linalopotea bure ni jasho la mfanyakazi lililopotea.

Nyumbani wakilalamika kuwa intaneti ni nzito, sisi hutuma fedha za bando kubwa zaidi. Lakini kwa kawaida bando kubwa huongeza kiasi cha kutumia tu. Haliongezi nguvu za mawimbi.

Kwanza tujue shida iko wapi

Ruta yenye laini ya simu hupokea mawimbi kutoka mnara wa kampuni, kisha huyagawa kwa simu zilizomo nyumbani. Hizo ni safari mbili. Mtu asimame na simu hatua mbili tu kutoka kwenye ruta. Ikiwa intaneti ni nzito hata hapo, shida iko upande wa mnara. Ikiwa hapo ni nyepesi lakini chumbani inakatika, shida iko ndani ya nyumba.

Shida ikiwa upande wa mnara

Nyumba nyingi zimeezekwa mabati, na milango na madirisha ni ya chuma. Chuma huzuia mawimbi na kuyarudisha. Ruta isiwekwe sakafuni, wala nyuma ya kabati la chuma au pipa la maji. Iwekwe juu, karibu na dirisha. Ijaribiwe kila dirisha, na taa zake zitazamwe. Ikiwa alfajiri intaneti ni nyepesi na jioni ni nzito, mnara umeelemewa na watu, na kuhamisha ruta hakutasaidia sana.

Jamaa walio Koboko wana jambo jingine la kuangalia. Mji huo uko karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, na simu au ruta inaweza kunasa mnara wa ng'ambo na kutozwa bei ya ugenini. Katika mipangilio, wafunge matumizi ya intaneti ya ugenini na wachague wenyewe mtandao wa kampuni yao.

Shida ikiwa ndani ya nyumba

Mawimbi ni kama mwanga wa chemli. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu hubaki robo, hata pasipo ukuta. Ukuta wa matofali hupunguza zaidi.

Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 5 yana kasi lakini hayafiki mbali. Yale ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, kwa hiyo aliye chumba cha mbali atumie hayo. Penye vyumba vya kupanga vilivyobanana, ruta za majirani huingiliana. Hapo mawimbi ya 2.4 yawekwe kwenye chaneli ya 1, 6 au 11, kwani hizo tatu hazigusani.

Wako wanaonunua kifaa cha kurudia mawimbi na kukiweka kwenye chumba kisichopata kitu. Huko hakina cha kurudia. Kiwekwe katikati ya safari, pale ambapo mawimbi bado yana nguvu. Lililo bora ni kuvuta waya wa mtandao hadi ruta ya pili. Waya huo hufaa hata kwa mita 100.

Mwisho, ruta iwe na neno la siri. Ruta iliyo wazi hunywewa bando na wapita njia.

Ndugu wafanyakazi, mwezi huu kabla hatujatuma fedha za bando, tuwapigie simu nyumbani na tuwaombe wafanye jaribio lile la hatua mbili. Halina gharama, na anayelijua amweleze mwenzake.